Upande wa Pili wa Barua ya Chuo

Ilikuwa Jumamosi, tarehe ishirini na tatu Agosti. Manyunyu yalianza kabla hatujaamka, na upepo ulikuwa wa baridi. Nilisali, nikamshukuru Mungu kwa siku mpya, kisha nikafungua dirisha la chumba cha kushonea ili nipate mwanga.

Mimi ni fundi cherehani. Mume wangu ni seremala. Tuna watoto watatu. Wawili wa kwanza wanajitegemea. Wa mwisho ni binti, na Jumatatu ya tarehe ishirini na tano alitakiwa kuripoti chuoni, mwaka wa kwanza. Angelala bwenini, mbali na nyumbani, kwa mara ya kwanza.

Binti huyu tunamwita Filimbi. Alizaliwa na kifua kinachobana. Alipokuwa mchanga, tulisikia mlio mwembamba kila alipovuta pumzi. Kaka zake wakampa jina hilo, likamganda. Daktari alituambia ni pumu. Tangu ana miaka saba anatumia pampu ndogo ya buluu, ile dawa ya kuvuta kwa mdomo.

Barua ya chuo ilikuwa imefika wiki tatu kabla ya Jumamosi hiyo. Mume wangu alimpa binti aisome. Mimi nikaomba niisome mwenyewe.

Nilianza darasa la watu wazima nikiwa na miaka arobaini na sita, jioni tatu kwa wiki, baada ya kufunga cherehani. Hiyo ilikuwa barua ya kwanza kufika nyumbani kwetu tangu nijue kusoma. Niliiweka mezani, nikaweka kidole chini ya mstari, nikasoma kwa sauti, neno baada ya neno. Ilimkaribisha binti yetu. Ilitaja siku na saa ya kufika. Ilisema aje na vifaa vya kulalia, vya kuogea na vya kujifunzia. Nilipofika mstari wa mwisho, mume wangu alifuta macho akidai ni vumbi la mbao. Na hapo alikuwa hajashika mbao tangu asubuhi.

Niliikunja barua, nikaiweka ndani ya kitabu changu cha sala. Siku moja Filimbi aliniomba aitazame. Nikamuuliza, "Humwamini mama yako?" Hakuomba tena.

Basi tukaanza kufungasha. Barua ilisema vifaa vya kulalia, nami sikutaka mwanangu alale vibaya. Nilimshonea mito miwili mikubwa, nikaijaza mabaki ya vitambaa ya miezi mingi. Niliongeza blanketi zito la manyoya na mapazia ya maua. Nikawaza, je, akiona njaa? Nikaongeza jiko la umeme la koili, sufuria tatu na sahani sita. Kila kitu nilikiombea kabla ya kukiweka.

Baba yake alimtengenezea sanduku. Alichagua mbao ngumu, akazipiga msasa mpaka zikawa laini kama shavu la mtoto. Lilikuwa na urefu wa shubiri sita. Alipolimaliza alilizunguka akilitazama siku nzima, kama mtu aliyeoa jana.

Jumamosi hiyo, yapata saa tatu asubuhi, jirani yetu alileta gauni lake nibadilishe zipu. Mtaa mzima unamwita Bibi Funguo. Alikuwa mtunza funguo katika bweni la wasichana kwa miaka kumi na tisa, kisha akastaafu. Aliliona sanduku katikati ya sebule, limejaa mpaka kifuniko kimegoma kufunga. Akavua kandambili zake zilizolowa, akalizunguka.

"Huyu mtoto anakwenda chuo," aliuliza, "au anahamia kwa mume?"

Filimbi alicheka. Mume wangu hakucheka. Alisema sanduku hilo litadumu miaka mia. Bibi Funguo akakubali kwamba kazi ni safi, hata mwenye jicho baya hapati pa kutia ila. Kisha akamgeukia Filimbi.

"Haya, mjukuu wangu. Libebe mpaka mlangoni. Wewe mwenyewe."

Alituambia ndiyo desturi yake. Siku ya kufungua chuo wazazi hujaa getini, lakini siku ya kufunga mwanafunzi huwa peke yake na ngazi. Usichoweza kukibeba wewe, alisema, kitakutesa.

Filimbi alishika kishikio cha upande mmoja, akavuta. Sanduku lilisogea kidogo likasimama. Akavuta tena kwa nguvu. Mto mmoja ukaanguka, mshono ukaachia, na vumbi la vitambaa likatimka usoni mwake. Alikohoa mara mbili. Kisha nikausikia ule mlio.

"Pampu iko wapi?" nikamuuliza.

Alinyoosha kidole kwenye sanduku. Hakuweza kusema mengi. Alisema tu, "Chini. Ndani ya soksi."

Sijui niseme nini kuhusu dakika zile. Tulitupa kila kitu sakafuni. Mapazia, sahani, sufuria, blanketi. Mume wangu alijikata kidole kwa sahani iliyovunjika na wala hakujua. Bibi Funguo alimpeleka mtoto karibu na dirisha, akamkalisha kitini, wima, na kumwambia apumue polepole pamoja naye. Nilikuwa nikitafuta na kuomba kwa wakati mmoja, na maombi yangu yalikuwa neno moja tu. Soksi ilikuwa kwenye pembe ya mwisho kabisa, chini ya jiko.

Alivuta dawa, akasubiri, akavuta tena. Taratibu mlio ukapungua. Mabega yake yakashuka. Nilikaa sakafuni katikati ya vyombo, nikamshika mguu.

Bibi Funguo hakumgombeza. Alimuuliza kwa nini dawa ilifichwa ndani ya soksi. Filimbi alitazama chini. Alisema hakutaka wenzake wa chumbani waione. Wangempa jina, na jina lingemfuata miaka mitatu. Nyumbani alilizoea. Huko alitaka kuwa mtu mpya.

Bibi Funguo alivuta kiti karibu naye.

"Mwaka mmoja nilifungua mlango wa chumba," alisema, "nikamkuta msichana anapekua begi lake, midomo imebadilika rangi. Wenzake watatu wamesimama, hawajui anatafuta nini. Hawakuwa watu wabaya, mjukuu wangu. Hawakuwa wameambiwa."

"Alipona?" Filimbi aliuliza.

"Alipona."

Kisha akatueleza. Dawa ya mgonjwa haifungashwi na nguo. Inakaa mfukoni, au kwenye mkoba anaotembea nao. Ya akiba inakaa kwenye droo, na mwenzake wa chumbani anajua ni droo ipi.

Ndipo akauliza kama fomu ya afya imeshajazwa na daktari.

Nikasema fomu gani. Barua haikutaja fomu. Niliisoma yote, nilisema, neno kwa neno, na nilitamka hivyo kwa kujiamini. Nikaitoa kwenye kitabu cha sala, nikampa.

Bibi Funguo aliisoma upande wa mbele. Halafu akaigeuza.

Upande wa pili ulikuwa umejaa maandishi.

Lazima nieleze, maana wenzangu wa darasani watanielewa. Karatasi tunazopewa darasani huchapwa upande mmoja tu. Upande wa pili ni mweupe. Huo ni wetu, wa kufanyia mazoezi ya mwandiko. Kwa miaka miwili sikuwahi kugeuza karatasi nikakuta maneno ya mtu mwingine. Niliinama nikasoma. Majiko ya umeme hayaruhusiwi, kwa hatari ya moto. Sanduku liwe la kuingia chini ya kitanda pamoja na la mwenzake. Mwanafunzi alete picha nne ndogo, nakala za vyeti na fomu ya afya yenye muhuri wa daktari. Asiye na fomu hatapewa kitanda.

Masikio yalinichoma. Nilimwambia mwanangu, "Uliniomba uione, nikakunyima. Nisamehe."

Filimbi alisema, kwa sauti ambayo bado ilikuwa nyembamba, "Mama, mimi hata darasa la kwanza nilisoma kitabu kwa kukishika juu chini."

Baba yake akathibitisha kwamba ni kweli, na kwamba alikuwa akisema hadithi nzima kutoka kichwani.

Fomu yenyewe ilikuwa sehemu ya chini ya ukurasa ule. Ilikuwa saa nne kasoro. Jumamosi zahanati hufungwa saa sita. Nilifunga kidole cha mume wangu kwa kipande cha kitambaa safi, naye akatoka na binti, mwavuli mmoja, wakitembea polepole. Mimi na Bibi Funguo tukabaki na sakafu iliyojaa vitu.

Alinifundisha kufungasha kwa kuifuata siku ya mtoto. Akiamka anahitaji nini? Mswaki, taulo, sabuni, ndoo, na kandambili kwa sababu sakafu ya bafu la watu wengi ina utelezi na fangasi. Akivaa? Nguo za siku saba, si za mwaka. Sweta moja. Sindano na uzi, na hapo akanitania kwamba mtoto wa fundi akionekana na kifungo kimekatika, aibu ni ya mama. Akitoka chumbani? Kufuli imara na funguo mbili, mmoja wa kumwachia mtunza bweni. Akilala? Shuka mbili, moja mwilini, moja kwenye kamba. Chandarua, na blanketi jepesi linalofulika.

Mito yangu aliitazama muda mrefu. Alisema nimeishona kwa upendo, lakini mabaki ya vitambaa hutunza vumbi, na vumbi ni adui wa kifua kile. Vivyo hivyo blanketi la manyoya. Niliirudisha mito chumbani kwangu. Nilikuwa nimetaka alale juu ya kazi ya mikono yangu. Bibi Funguo aliona uso wangu.

"Mshonee foronya," alisema. "Atanunua mto wa kufulika, wewe uuvishe."

Jiko, sahani na mapazia vilirudi kabatini. Aliniambia kila mwisho wa mwaka alikuwa akikuta sufuria na mapazia chini ya vitanda, vimeachwa vimejaa vumbi. Lakini bahasha ya vyeti, alisema, ndiyo aliyokuwa akiona watoto wakiililia siku ya kwanza. Tukachukua bahasha moja ngumu. Tukaweka vyeti na nakala, tukaacha nafasi ya fomu. Hiyo pia isiingie sandukuni. Ikae mkononi.

Walirudi saa saba kasoro, wamelowa mabega. Mume wangu aliinua fomu juu ili tuuone muhuri. Picha walipiga njiani. Daktari alikuwa amempa Filimbi pampu ya pili, ya akiba. Alikuwa pia amemwonya kuhusu vumbi la vitambaa, nami nikasema najua, nimeshafundishwa leo.

Likabaki sanduku. Bibi Funguo alilipima kwa shubiri. Kitanda kimoja cha juu na chini, alisema, kina nafasi moja tu uvunguni, nayo ni ya watu wawili. Kila mmoja anapata shubiri nne. Hili lilikuwa na sita. Alisema kwa upole kwamba begi la kawaida lingetosha.

Mume wangu alilibeba sanduku tupu mpaka karakana. Tukasikia msumeno. Nilitaka kwenda kumzuia, Filimbi akanishika mkono.

Jumapili baada ya ibada alituita. Alikuwa amelikata katikati. Kila nusu ameitia ubavu mpya na kifuniko cha mbao nyepesi. Shubiri tatu huku, shubiri tatu kule.

"Hili linakwenda na wewe," alimwambia binti yake. "Hili linabaki hapa, likusubiri likizo."

Filimbi alilibeba la kwake, likiwa limejaa, mpaka mlangoni na kurudi. Hakuhema.

Jumatatu tulifika bwenini sote wanne, maana Bibi Funguo alisema haachi kazi nusu. Mtunza bweni alikuwa mama mnene mwenye miwani. Aliangalia fomu, akaangalia muhuri, akampa Filimbi funguo. Chumba kilikuwa na kitanda cha juu na chini, meza mbili, na dirisha moja kubwa. Msichana mwingine alikuwa ameshafika na shangazi yake. Sanduku liliingia uvunguni kando ya begi la msichana yule, na nafasi ikabaki. Mume wangu alichuchumaa kuhakikisha mara mbili.

Filimbi alisimama katikati ya chumba. Nilimwona anaweka mkono mfukoni, anautoa, anauweka tena. Kisha akaitoa pampu ya buluu.

"Mimi nina pumu," alimwambia mwenzake. "Hii inakaa mfukoni. Nyingine ipo kwenye droo ya juu. Ukinisikia napiga mlio kama filimbi, nipe, unikalishe wima, umwite mtunza bweni."

Msichana yule aliifungua droo, akatazama, akaifunga. Akasema, "Sawa. Na mimi huongea usingizini. Usinijibu, maana huwa nakubali kila kitu."

Wakacheka wote wawili. Shangazi akasema hilo ni kweli tupu.

Mtunza bweni alitugawia karatasi ya kanuni. Filimbi aliipokea, akanipa mimi. Nikaweka kidole chini ya mstari, nikasoma kwa sauti, na watu wote wakangoja. Nilipofika chini, nikaigeuza. Upande wa pili kulikuwa na mstari mmoja tu: Wazazi wanaruhusiwa kutembelea Jumapili ya mwisho wa kila mwezi.

Niliusoma mara mbili. Kisha nikaikunja karatasi ile, na mbele ya mume wangu, Bibi Funguo, mtunza bweni, shangazi na msichana yule, nikamwambia mwanangu:

"Kila Jumapili hiyo nitakuja. Na katikati ya mwezi nitakuandikia barua kwa mkono wangu mwenyewe, pande zote mbili."