Uzio wa Mama Mapacha

Kila asubuhi, kabla hata ya kumimina chai, Mama Mapacha alikwenda kwanza kuitazama miche yake. Kitalu kilikuwa nyuma ya nyumba, kando ya njia iendayo mtoni. Kulikuwa na miche ya miembe, mipapai na miparachichi, kila mmoja ndani ya kifuko chake cha udongo. Aling'oa magugu. Alinyunyiza maji kwa kopo lililotobolewa matundu. Aliisemesha ile miche kwa sauti ya upole, hata mumewe akamwambia siku moja kwamba yeye mwenyewe hajawahi kuamkiwa vizuri namna hiyo.

Miche ile ilikuwa na safari yake. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi aliiona, akaipenda, akaomba ipandwe kuzunguka shule mvua zikianza. Mama Mapacha alikubali mbele ya wazazi wote mkutanoni. Alikuwa hajawahi kupigiwa makofi na watu wengi kiasi kile. Ahadi ni deni, na yeye hakuwa mtu wa kula maneno yake.

Taabu ilikuwa ng'ombe. Njia ya mtoni ndiyo njia ya mifugo ya kijiji kizima. Na katika mifugo hiyo alikuwamo ng'ombe mmoja mwekundu, jike, aliyeitwa Mkaguzi. Jina hilo hakupewa bure. Hakuna uzio aliopita bila kuukagua. Akiona jani la kijani upande wa pili, huegemea. Akiegemea, kitu huanguka.

Kwa hiyo mumewe akajenga uzio. Huyu jina lake la mtaani lilikuwa Maridadi, maana hata shambani alikwenda na shati lililopigwa pasi. Alileta nguzo, akaleta bunda la seng'enge, yaani waya wenye miiba. Alikataa kusaidiwa. Alisema kazi ya mikono miwili haihitaji midomo kumi.

Uzio ulipokwisha, ulipendeza kweli. Nguzo zilikuwa ndefu kuliko mtu. Waya aliupigilia upande wa ndani, wa kitaluni, ili wapita njia waone nguzo peke yake, zimejipanga safi. Watu walisimama kutazama. Mmoja akauliza kama waziri anahamia pale. Maridadi akawa anatoka na kikombe chake cha chai, anasimama njiani bila shughuli yoyote, akingoja kusifiwa. Tusiseme uongo, Mama Mapacha naye alijisikia vizuri.

Raha haikudumu. Ilinyesha mvua ndogo ya kupita, udongo ukalainika. Kesho yake mchana Mama Mapacha alikuwa jikoni akichambua maharage. Akasikia mshindo nyuma ya nyumba. Alipotoka, uzio ulikuwa umelala chini kama mkeka. Mkaguzi alikuwa katikati ya kitalu, anatafuna taratibu, mkia unacheza.

Alimfukuza kwa ufagio. Lakini karibu nusu ya miche ilikuwa imekwisha kukatwa vichwa. Mama Mapacha alikaa chini palepale kwenye tope, akalia. Aliwaza mkutano ule wa wazazi na makofi yale. Mvua za kupandia zilikuwa zinakaribia. Miche iliyobaki ikiliwa nayo, atamwambia nini mwalimu?

Maridadi aliporudi alimlaumu ng'ombe. Akamlaumu mwenye ng'ombe. Akailaumu na mvua. Kisha akaanza kusimamisha nguzo zilezile katika mashimo yaleyale, akizisukumia mawe miguuni. Mkewe alimtazama, akaona huko ni kutwanga maji kwenye kinu.

"Baba Mapacha, acha kwanza," alisema.

"Niache nini? Leo leo unasimama."

"Utasimama, halafu utalala tena. Mimi nimempa mwalimu neno langu. Sitaki uzio wa kusifiwa. Nataka uzio wa kuzuia ng'ombe."

Maridadi aliliweka chini jiwe aliloshika. Maneno yalimchoma. Mkewe akajifunga kanga kiunoni, akapanda kilimani kwa Bi Nyundo.

Bi Nyundo alikuwa mjane wa makamo. Alifanya kazi miaka mingi katika kundi la mafundi waliojenga mazizi kwenye mashamba makubwa. Alikuwa na kasoro mbili: alisema sana, na sehemu kubwa ya aliyosema ilikuwa ya kujisifu mwenyewe. Lakini mazizi yake hayakuwahi kuanguka, kwa hiyo watu walimwacha ajisifu. Alishuka mara moja na mtaimbo wake begani, ule mchi mrefu wa chuma wa kuchimbia na kushindilia.

Hakuuliza kitu. Alikwenda kwenye nguzo moja ambayo Maridadi alikuwa ameisimamisha upya, akaishika kwa mkono mmoja, akaing'oa kama anayeng'oa muhogo.

"Shemeji," alimwambia Maridadi, "hii umeipanda au umeiegemeza?"

Maridadi alikohoa. Akaeleza kwamba alichimba mashimo mafupi makusudi, ili nguzo zionekane ndefu.

"Basi umejenga mkakasi. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti." Bi Nyundo alicheka mpaka akashika kiuno. "Ng'ombe haruki, shemeji. Ng'ombe anasukuma. Urefu wa juu ni wako wewe na wapita njia. Urefu wa chini ndio wa ng'ombe."

Akailaza ile nguzo chini. Akawaonyesha jinsi ya kuigawa sehemu tatu zilizo sawa. Sehemu mbili zikae juu, moja iende ardhini. Akachora alama kwa ncha ya panga. Kisha akabandua gome kwa kucha, na chini yake mchwa walikuwa wamekwisha kujenga. Mama Mapacha alishangaa. Nguzo mpya, na tayari ina wapangaji.

Bi Nyundo akaeleza kwamba mchwa hupenda kujificha chini ya gome, na gome hutunza unyevu unaoozesha mti. Kwa hiyo kwanza nguzo ibanduliwe gome lote, ikaushwe kivulini. Halafu ile sehemu itakayozikwa ichomwe juu juu kwa moto mpaka iwe nyeusi. Mama Mapacha akauliza kama hapo mchwa hawatakula kabisa.

"Watakula, lakini watachelewa," alijibu. "Anayekwambia mti wake hauliwi milele, huyo anakuuzia maneno."

Kisha akawapeleka upande wa njiani, akagusa misumari iliyong'oka. Hapo ndipo Maridadi alipoona aibu ya kweli. Waya ulikuwa upande wa ndani, na ng'ombe walikuwa nje. Kila Mkaguzi aliposukuma waya, aliusukuma utoke kwenye nguzo, na misumari ikafuata. Waya ukiwa upande wa ng'ombe, akisukuma anaukandamiza kwenye nguzo. Hapo anapigana na nguzo yenyewe, na nguzo imezikwa.

"Lakini wapita njia wataona waya," alisema Maridadi kwa sauti ya chini.

Mama Mapacha alimgeukia. Hakugomba. Alimwambia tu kwamba wapita njia hawajampandia mche hata mmoja.

Maridadi akavua shati lake la pasi, akalitundika kwenye tawi. Akachukua sururu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, alisema, na wote watatu wakacheka.

Kazi ile haikuwa ya kitoto. Nguzo zilibanduliwa magome, zikakaushwa na kuchomwa. Wakati huo wote Mama Mapacha alishinda kitaluni na fimbo mkononi, akilinda miche iliyobaki. Siku ya kuchimba ilipofika, Bi Nyundo alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akasema goti lake limestaafu, bali mdomo bado. Mtaimbo wake akamkabidhi Mama Mapacha.

"Kitalu ni chako, shika wewe," alisema.

Walianza na pembe. Nguzo ya pembeni ndiyo inayobeba mzigo, Bi Nyundo alieleza, kwa sababu waya ukikazwa unaivuta. Basi walichagua zile nene, wakazichimbia chini zaidi kuliko nyingine. Kila moja wakaiwekea miegamo, yaani magogo yaliyokaa mshazari, kila gogo likifuata upande mmoja wa uzio. Kichwa cha gogo kiliegemea nguzo, mguu wake ulikanyaga jiwe kubwa lililozikwa. Waya ukivuta, gogo linasukuma. Pembe zikiwa imara ndipo wakavuta kamba kutoka pembe hadi pembe, na nguzo za katikati zikafuata kamba hiyo.

Kosa kubwa lilikuwa kwenye kujaza mashimo. Maridadi alikuwa na mazoea ya kumwaga udongo wote kwa pamoja, kisha kukanyaga juu kwa viatu. Mama Mapacha alimzuia kabla Bi Nyundo hajafungua mdomo. Alikuwa ameshaelewa mwenyewe: juu patakuwa pagumu, chini patabaki uwazi, na nguzo itacheza kama jino bovu. Akamwambia atie udongo kidogo. Yeye mwenyewe akashindilia kwa kitako cha mtaimbo, pande zote, mpaka mlio ukabadilika ukawa mzito. Udongo kidogo tena, akashindilia tena. Mwishoni akainua kilima kidogo kuzunguka mguu wa nguzo, ili maji ya mvua yateremke na yasituame.

Bi Nyundo aliinuka kwenye ndoo yake, akaisukuma nguzo ile kwa bega. Kisha akasema, "Huyu sasa ni fundi."

Mama Mapacha aliinamisha uso usionekane. Mikono ilikuwa imetoka malengelenge, mgongo ulikuwa unawaka moto, na moyo ulikuwa umejaa.

Waya waliukaza siku nyingine, safari hii upande wa njiani, mikono ikiwa imefungwa vitambaa vizito. Bi Nyundo aliwakemea wasimame kando, kamwe wasisimame kwenye mstari wa waya unaokazwa, kwa maana ukikatika unarudi na miiba yake yote. Kwenye nguzo za katikati hawakugongea misumari mpaka mwisho. Waliacha nafasi ndogo waya uweze kupita, ili siku ukilegea wauvute tena kutoka pembeni.

Uzio mpya ulikuwa mfupi. Ulimfika Mama Mapacha kifuani. Wapita njia hawakusimama, na hakuna aliyemtaja waziri.

Mkaguzi alisimama. Alikuja na wenzake wakati wa kwenda kunywa maji, akaona majani, akaegemea. Mama Mapacha na mumewe walikuwa mlango wa nyuma, wakitazama. Waya ulilia kidogo, nguzo haikutikisika. Ng'ombe akasogea hatua, akajaribu nguzo nyingine, halafu ya pembeni. Mwisho akapiga chafya, akawafuata wenzake mtoni. Maridadi alimkumbatia mkewe hadharani, mchana kweupe.

Miche iliyobaki ikanawiri. Hata ile iliyokatwa vichwa, mingi ilichipua tena ubavuni. Mvua zilipoanza, mwalimu mkuu alikuja na mkokoteni kuichukua. Mama Mapacha alimweleza ukweli wote, kwamba miche ni michache kuliko alivyoahidi, na kwa nini. Mwalimu alisikiliza. Halafu akaenda kwenye uzio, akashika nguzo moja, akaitikisa kwa mikono miwili. Haikujibu. Akasema kwamba shuleni hakuna uzio wa maana, na miche hiyo ikipandwa vivi hivi italiwa kabla haijafika magotini.

"Nani aliyejenga huu?" aliuliza, akimtazama Maridadi.

Mama Mapacha alimjua mumewe. Alijua jinsi anavyopenda swali kama hilo. Akangoja kusikia "mimi", na moyoni alikuwa ameshamsamehe.

Maridadi alivuta pumzi, kifua kikapanda. "Mke wangu," alisema. "Mimi nilikuwa natia udongo, yeye anashindilia. Ukitaka uzio wa shule, zungumza na fundi mwenyewe."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Wazazi waliitwa shuleni, wanaume kwa wanawake, kila mtu na jembe lake. Mbele yao alisimama Mama Mapacha na mtaimbo. Aliwaonyesha kubandua gome. Aliwaonyesha kuigawa nguzo sehemu tatu. Alianza na pembe, akavuta kamba, akapita shimo baada ya shimo, akipima kila moja kwa fimbo.

Kwenye shimo la mwisho alimkuta mwenyekiti wa kijiji, mtu mzima anayeheshimiwa, amekwisha kuweka sururu chini na kujifuta jasho. Alisema lake limetosha. Mama Mapacha alitumbukiza fimbo. Watu wote walikuwa wanatazama, na Maridadi alikuwa miongoni mwao, suruali yake imejaa udongo.

"Bado, baba," alisema kwa adabu. "Ongeza kidogo."

Mwenyekiti alimtazama, akalitazama shimo, akaokota sururu na kuendelea kuchimba.