Hofu Niliyotoka Nayo Kwenye Kampeni

Jumapili nyumbani kwetu Kisiwani ni siku ya makande. Tukishatoka kanisani, mwanangu Careen, wa darasa la pili, hupeleka sahani chumba cha uani. Hapo wamepanga vijana wawili wanaokata mkonge, Erasmo na Mbaraka. Wametoka Kasulu. Erasmo ni Mkristo, Mbaraka ni Mwislamu. Wanakaa chumba kimoja ili kila mmoja apate cha kumtumia mama yake.

Mwaka wa uchaguzi, mgombea udiwani alikuja kijijini. Alisimama juu ya gari, akashika kipaza sauti.

"Akina mama! Kuna nchi zimepitisha sheria, mwanaume anamuoa mwanaume. Na hapa inakuja! Wachungaji watalazimishwa kufungisha ndoa hizo. Atakayekataa, jela! Nipeni kura, nitalilinda kanisa lenu. Na hao vijana wanaolala wawili wawili, watazameni vizuri!"

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Nina mtoto.

Nilipofika nyumbani nilimkuta Mbaraka akimnyoa Erasmo nywele. Siku zote nawaona hivyo. Siku hiyo niliwatazama kwa macho ya mgombea.

"Jumamosi ijayo nataka chumba changu," nikasema.

"Mama Careen, tumekosa nini?" Mbaraka aliuliza.

"Nataka chumba changu, basi."

Nusu ya kichwa cha Erasmo ilikuwa bado haijanyolewa.

Kesho yake, Jumapili, Careen alichukua sahani kama kawaida. Nikamwambia airudishe.

"Kwani leo hawali, mama?"

Nilifunika sufuria. Alikwenda kulia kwa jirani yetu, Bibi Honorata. Bibi huyu alikuwa karani wa mahakama kabla ya kustaafu. Muda si mrefu nikamwona anaingia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nasikia siku hizi umekuwa polisi."

"Bibi, hukusikia? Sheria inakuja!"

"Muswada gani? Umeuona wapi?"

"Amesema mgombea."

"Anagombea nini?"

"Udiwani."

Bibi alicheka mpaka akashika kiuno. "Mwanangu, madiwani wanatunga sheria ndogo. Za soko, za taka, za mifugo. Sheria ya ndoa ni kazi ya Bunge. Na hii tuliyonayo inasema ndoa ni ya mwanaume na mwanamke. Mtu akitaka kuibadilisha, muswada unachapishwa kwanza. Unasomwa bungeni, na kamati inaita wananchi watoe maoni. Hauingii kimyakimya kama mwizi wa kuku."

"Na kanisa letu?"

"Uhuru wa dini umo kwenye Katiba, ibara ya kumi na tisa. Umo humo tangu huyu hajaanza kuomba kura. Anakuahidi kitu ambacho tayari ni chako! Tena ni cha Mbaraka pia."

"Lakini bibi, wale vijana, kama ni kweli..."

"Careen alipougua malaria, wewe uko msibani huko juu milimani, Mamba, nani alimbeba mgongoni?"

"Erasmo."

"Alipomfikisha zahanati, ulimuuliza analala na nani?"

Nilijifuta macho kwa khanga. Nikaenda uani. Walikuwa wameshaanza kufunga godoro kwa kamba.

"Wanangu, nimewakosea," nikasema. "Mtu alinitisha, nikawageukia ninyi. Fungueni hiyo kamba."

Mbaraka alianza kufungua fundo. "Sawa, mama. Ila makande ya leo umetudhulumu."

Mgombea aliporudi kwa mkutano wa pili, nilinyoosha mkono.

"Mheshimiwa, mimi nimeishia la saba. Naomba kujua. Sheria ya ndoa inatungwa na madiwani?"

Alikohoa. "Mama, hilo tuliache."

"Basi tuambie kuhusu mfereji wetu wa umwagiliaji uliobomoka. Hiyo si ndiyo kazi ya diwani?"

Akina mama walipiga vigelegele. Siku hiyo alizungumza habari za mfereji mpaka akamaliza.

Imani yangu ni ileile, na kanisani naenda. Ila siku hizi mtu akiniahidi ulinzi, namuuliza ni sheria gani, na inatungwa wapi. Mama mwenzangu, na wewe uliza. Uliza kabla hujamfukuza mtu aliyembeba mtoto wako.

Na Jumapili ile baada ya kuwaomba radhi, Careen alipeleka sahani, akarudi mbio nayo ikiwa tupu.

"Mama, wanauliza kama yamebaki."

Yalikuwa yamebaki.