Mlo wa Jioni wa Mfalme Aubert

Giza lilikuwa linaanza kuingia Perrette aliposhuka jikoni kufuata supu yake. Mwanamke anayenyonyesha haruki mlo, na yeye alikuwa akimnyonyesha Josselin, mtoto wa pekee wa mfalme, kichanga wa miezi minne asiyejua neno kushiba. Alikuwa amemfunga kifuani kwa shali. Siku hizo hakuthubutu kumwacha na mtu yeyote, hata wa kumshikia kidogo.

Jikoni hakukuta mtu.

Moto ulikuwa unawaka. Bata alikuwa juu ya makaa, upande mmoja umeshaungua na kutoa moshi. Wapishi, wakata nyama, wabeba sinia, hata mzee Thibaut aliyekuwa muonja divai... wote hawapo! Aproni zilikuwa zimetupwa sakafuni, kama wenyewe wameondoka mbio.

"Jamani?" Perrette akaita. "Nani anampelekea mfalme chakula?"

Na mfalme mwenyewe, tuseme ukweli, alikuwa ameshakufa. Aubert alikuwa kanisani, ndani ya jeneza la madini ya risasi. Tumbo lilimkata baada ya karamu ya mavuno, akajinyonganyonga usiku kucha, asubuhi hakuamka. Lakini pale Morvane mfalme haachwi na njaa kabla hajazikwa. Sanamu yake ya nta huketishwa mezani katika ukumbi mkubwa, na joho lake, na taji lake, ikahudumiwa mchana na jioni. Huinawisha, huionjea divai, huikatia nyama, halafu chakula hupewa maskini getini. Na maadamu anahudumiwa, yeye ndiye mfalme. Amri zake zinasimama, askari ni wake, mtoto wake haguswi. Akikosa mlo mmoja tu, basi, utawala umekwisha, na mtoto anakabidhiwa kwa baba yake mdogo.

Baba mdogo mwenyewe ni Gaucher. Gaucher huyo huyo aliyemmiminia kaka yake divai siku ya karamu ya mavuno. Watu wote walijua, na wote walifunga midomo yao.

Perrette akamtazama yule bata anayeungua, akaelewa.

Alipanda ngazi mbio mpaka chumba cha malkia. Isabeau alikuwa amekaa eda. Mjane wa mfalme hatoki katika chumba chake chenye mapazia meusi mpaka mumewe azikwe. Wakazungumza kwenye upenyo wa mlango.

"Gaucher amewatisha wapishi au amewanunua," malkia akanong'ona. "Kaka yangu yuko njiani na wapanda farasi wake. Mto umefurika, lakini kesho anavuka. Kesho, Perrette! Leo tu ndiyo inayotuua."

"Sasa mimi nifanye nini, bibi yangu?"

"Mpelekee wewe."

"Mimi? Mnyonyeshaji?"

"Una mikono au huna?" Kisha akatoa mkono kwenye upenyo, akamshika kiganja. "Ataniulia mwanangu. Nakuomba, mama. Nakuomba."

Malkia kumwita mama mtoto wa mkulima! Perrette akashuka tena, machozi yakimtoka, akatia bata kwenye sinia.

Ukumbini kulikuwa na harufu ya nta. Na chini ya ile nta palikuwa na harufu nyingine... chachu, nzito, ya chumba cha mgonjwa kisichofunguliwa madirisha. Askari wawili wa mfalme walisimama mlangoni. Wakamwona mwanamke mwenye mtoto kifuani na sinia mkononi, wakatazamana, wakampisha.

Sanamu ilikuwa imekaa. Fundi alikuwa ameumba uso wake kutokana na uso wa maiti yenyewe. Nywele zilikuwa za Aubert, zile zile. Macho yalikuwa ya kioo.

Perrette akawasha mishumaa. Akamimina maji juu ya mikono ya nta. Akajaza divai, akajikaza, akaonja. Akasubiri tumbo limkate.

Halikukata.

"Asante Mama Maria," akasema, akaweka kikombe mbele ya sanamu. Akaanza kukata nyama, mgongo umeelekea kiti. Ndipo akasikia.

Tk.

Mlio wa kikombe kinachowekwa mezani.

Akageuka taratibu. Kikombe kilikuwa pale pale. Lakini divai ilikuwa imepungua, na midomo ya nta ilikuwa inang'aa kwa unyevu.

"Ni mshumaa," akajiambia. "Mshumaa unachezacheza tu."

Josselin alikuwa ameacha kujinyoosha. Alikuwa anaitazama sanamu juu ya ukingo wa shali. Kisha akacheka, kicheko cha mtoto aliyemwona mtu wa nyumbani.

"Alaa! Tangu lini yaya akawa mwandazi wa meza ya mfalme?"

Gaucher alikuwa mlangoni. Mtu mrefu, nadhifu, anayetabasamu kwa meno tu.

"Tangu wenye kazi walipokimbia, mtukufu," Perrette akajibu. Hakujua ujasiri ule umetoka wapi.

"Una ulimi!" Gaucher akaingia, akazunguka meza, akakagua. "Umenawisha. Umeonja. Umekata. Hongera, mama, umejitahidi. Lakini kuna kitu kimoja umesahau. Mlo hautimii mpaka ndugu wa damu wa karibu ampe mfalme kitambaa cha kufutia mdomo. Kila jioni nilimpa mimi. Leo..." Akavuta kiti, akakaa, akakunja miguu. "Leo sijisikii."



"Kwa hiyo kaka yangu hajala. Lete mtoto."

Perrette akawatazama askari. Wakainamisha macho. Sheria walikuwa wanaijua, na ilikuwa upande wa Gaucher. Alimpenda yule mtoto, jamani. Wa kwake alimwacha kijijini kwa dada yake ili ampe huyu maziwa, na hapa alipofika asingeweza kumtoa hata kwa kisu.

Ndugu wa damu wa karibu.

Mikono yake ilitangulia kabla ya akili. Akafungua shali, akachukua kitambaa cheupe mezani, akakipachika katika ngumi ya Josselin. Akamnyanyua kuelekea sanamu.

"Mwana yuko karibu kuliko ndugu," akasema.

Gaucher akaruka wima. "We mwanamke! Usithubutu!"

Kitambaa kikavutika.

Hakikuanguka. Kilivutwa, kutoka upande wa pili. Perrette aliona vidole vya nta vinajikunja polepole, vikitoa mlio wa barafu inayopasuka, vikafumbata kitambaa pamoja na vidole vya mtoto. Akamvuta Josselin. Hakuvutika. Akavuta tena, akilia sasa, na baridi ikapita ndani ya mtoto mpaka kwenye viganja vyake mwenyewe. Josselin hakulia. Hata kidogo.

Halafu akaachiwa, Perrette akamrudisha kifuani.

Na sauti ikasikika. Ya chini, ya kukwaruza. Midomo ya sanamu haikusogea. Ilitoka karibu sana na Perrette... karibu na kifua chake.

"Gaucher... onja."

Askari wakapiga mikuki yao sakafuni, wakaifunga mlangoni kama msalaba. Walikuwa wameitumikia sauti ile miaka mingi.

"Mtukufu," yule mkubwa wao akasema, uso umemkauka. "Mfalme amesema."

"Hila hiyo! Huyu ni mchawi!"

"Huyo ameonja mbele ya macho yetu, na yuko mzima. Wewe unaogopa nini?"

Gaucher akatazama mlango. Akatazama mikuki. Akacheka, akanyakua kikombe, akakimaliza kwa mkupuo mmoja na kukigonga mezani.

"Mnaona? Divai tu, wapumbavu ny..."

Akashika tumbo.

Sitaeleza aliyoyapata. Itoshe kwamba aliyapata pole pole, vile vile alivyoyapata kaka yake, na kwamba Perrette alimfunika Josselin masikio mpaka mwisho. Divai ilikuwa ile ile. Kikombe kilikuwa kile kile. Mpaka leo Morvane hakuna aliyeweza kusema kilichoingia ndani yake, na nani alikitia.

Kesho yake kaka wa malkia akavuka mto. Aubert akazikwa kwa heshima zote. Mafundi waliokuja kuiondoa sanamu waliipiga ngumi, wakaikwangua, wakakuta ni nta tupu na vijiti. Kengele zikapigwa mji mzima kwa ajili ya mfalme mpya, Josselin, na eda ya malkia ikaisha.

Isabeau alitoka chumbani akikimbia, viatu mkononi.

"Nipe! Nipe mwanangu!"

Perrette akamkabidhi. Malkia akamkumbatia, akacheka, akalia, akambusu paji la uso, akambusu mashavu. Kisha akamsogeza mbali kidogo amtazame vizuri machoni.

Kicheko kikakatika.

Akamtazama kwa muda mrefu, namna mwanamke anavyomtazama mtu aliyelala naye kitanda kimoja. Rangi ikamtoka usoni. Magoti yake yakapinda yenyewe, akainama mpaka chini, kama alivyokuwa akiinama kila jioni mumewe alipoingia chumbani.

"Aubert?" akanong'ona.

Josselin akatabasamu.

Isabeau akamrudisha mikononi mwa Perrette haraka haraka, akajifuta viganja kwenye gauni lake. "Mchukue," akasema, bila kumwangalia. "Mchukue, mama. Saa yake ya kunyonya imefika."

Nje watu walikuwa wanashangilia. Perrette akakaa kwenye kiti. Mtoto alikuwa anamtazama, ametulia, anangoja. Akafungua vifungo vya gauni, akampa ziwa.