Aliyempa Mwalimu Jina la Bi Jiwe

Kila Jumanne na Alhamisi, kengele ya kipindi cha tatu ilipolia, Chiriku alikumbuka ghafla kwamba ana kazi ofisini. Mara apeleke chaki, mara arudishe daftari la mahudhurio. Wenzake walimwamini, maana alikuwa msemaji asiyeshikika, na ndiyo sababu wakampa jina la ndege yule. Hawakujua kwamba akifika kwenye kona ya stoo alitazama nyuma mara tatu, kisha akapenya katika chumba kidogo cha mwalimu wa elimu maalumu.

Msichana wa darasa la sita, na kusoma bado kwa kubahatisha! Herufi zilimchanganya, mistari ikamruka. Mwalimu alimkatia karatasi yenye tundu la kuonyesha neno moja moja, akamsubiri bila kuguna wala kutazama saa. Sharti la chumba lilikuwa moja tu: ya humo hayatoki. Kwa hiyo mwalimu alipokutana na wanafunzi wake uani, alipita kama hawajui, asije akawafichua mbele ya wenzao.

Sasa sikia alichofanya Chiriku. Siku moja wenzake walimwona karibu na mlango ule, wakamkazia macho. Kijasho chembamba kikamtoka, akaropoka, "Mimi niende kwa nani? Kwa Bi Jiwe yule, hata salamu hajui?" Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Jina likaenea shule nzima, na Chiriku akapumua. Shukrani ya punda ni mateke, jamani!

Alhamisi moja mkaguzi wa elimu alifika asubuhi. Mwalimu mkuu alikuwa amempendekeza mwalimu yule apewe tuzo ya utumishi bora katika elimu maalumu na ushauri wa wanafunzi. Mkaguzi akasimama mbele ya darasa la sita, kalamu mkononi.

"Mwalimu wenu wa elimu maalumu amekataa kunionyesha majalada," alisema. "Anasema hayo ni ya watoto, si yake. Basi nawauliza nyinyi. Nani amesaidiwa naye?"

Chiriku aliinamia dawati kama anayetafuta sindano.

"Bi Jiwe huyo!" alisema Golikipa, mvulana mrefu kuliko wote, mdakaji wa timu ya shule. "Salamu yenyewe hatoi!"

Darasa likaangua kicheko. Mkaguzi hakucheka. "Mapumziko yakiisha naondoka," alisema. "Kuna shule nyingine mbili zinaitaka tuzo hii. Bila ushahidi wenu, sina la kupeleka."

Mapumziko hayo Chiriku hakutulia. Alikwenda bombani, akafungua maji, hakunywa. Akafika mlango wa ofisi, akarudi. Akaingia chooni bila haja, akatoka.

"We vipi, umekalia siafu?" rafiki yake alimuuliza.

"Niache bwana!"

Akisema, atachekwa mpaka amalize shule. Akinyamaza, mwalimu atakosa haki yake, na aliyemkosesha ni yeye Chiriku, kwa mdomo wake mwenyewe. Alichungulia dirishani akamwona mwalimu akimfundisha mtoto mdogo kufunga kamba za viatu, akimwacha akosee na kurudia, kana kwamba tuzo haipo duniani. Chiriku akaona aibu mpaka machozi yakamlengalenga.

Kengele ililia. Mkaguzi aliingia kuchukua mkoba wake. Wanafunzi walisimama, wakaketi. Chiriku akabaki amesimama.

"Jina la Bi Jiwe nililitunga mimi," alisema. "Ni uongo. Nilikuwa naficha kwamba sijui kusoma vizuri. Mwalimu hunifundisha kila wiki. Hatusalimii ili msitujue."

"Unaweza kunisomea kidogo?" mkaguzi aliuliza kwa upole.

Chiriku akafungua kitabu, akaweka ile karatasi juu ya mstari. Alisoma. Akakwama, akarudi nyuma, akasoma tena. Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka.

"Nyamaza wewe!" Alikuwa Golikipa, amesimama, macho sakafuni. "Na mimi huenda. Kila Jumatano. Baba alipofariki nilikuwa silali. Mwalimu hunisikiliza, basi."

Mkono mwingine ukainuka. Kisha miwili. Kumbe kila mmoja alikuwa akimcheka mwalimu ili asishukiwe! Mkaguzi akavuta kiti, akaandika mpaka kurasa tatu zikajaa.

Wiki mbili baadaye mwalimu alipewa tuzo yake mbele ya shule nzima. Wiki mbili hizo, Chiriku mwenye maneno alikuwa amekosa maneno mawili tu. Siku hiyo alimfuata chumbani, akayatoa.

"Nisamehe, mwalimu."

"Jina lile liliniuma, nisikufiche," mwalimu alisema.

"Ulijua ni mimi?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Mbona hukunisema?"

"Ningekusemaje bila kutoa siri yako? Siri ilikuwa yako, si yangu. Ningeitoa mimi, ningekuwa nimekuibia. Umeitoa wewe mwenyewe, na huo ndio ushujaa." Akamvutia kiti. "Lakini mwanangu, kutojua kusoma si aibu, utajifunza tu. Aibu ni kumpaka mwenzako matope ili wewe uonekane safi. Haya, kaa tusome."