Mabawa ya Mjomba Yonas

Kila asubuhi ya likizo, kabla hajanywa hata chai, Jovina alikuwa na kazi moja: kujaza pipa. Alichota maji bombani ndoo baada ya ndoo, akayamwaga kwenye pipa lililosimama mbele ya kibanda cha mama yake, karibu na soko la Sumbawanga. Ulikuwa mwezi wa sita, na mwezi wa sita upepo wa Ufipa haumwonei mtu huruma. Kufikia ndoo ya tano vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi.

Pipa hilo halikuwa la kufulia. Mama yake, Rosina, alikuwa fundi wa mabegi na maturubai, mwenye cherehani inayopenya hata ngozi. Ndiyo maana wapiga mbizi wa Wampembe, wale wanaozama Ziwa Tanganyika na mitungi ya hewa mgongoni kukamata samaki wadogo wa rangi wa kufugwa kwenye vioo, walipandisha vifaa vyao hadi kwake. Walileta majaketi ya kuelea. Mpiga mbizi hulijaza jaketi hewa ili asiende chini kama jiwe, na huipunguza hewa hiyo anapotaka kushuka. Kwa hiyo kila jaketi lililotengenezwa hapo lilijazwa hewa, likadidimizwa kwenye pipa, na mtu akakodoa macho kuona kama linatoa viputo. Mtu huyo alikuwa Jovina, tangu akiwa darasa la nne. Sasa alikuwa la sita, na wapiga mbizi walikuwa wakimwita fundi wa majaketi. Tusidanganyane, jina hilo alilipenda kuliko lake la ubatizo.

Lakini mwaka huu mambo yaligeuka. Wapiga mbizi walianza kuyaacha majaketi. Walikuja na kitu kipya walichokiita mabawa: bamba la chuma la kuvaa mgongoni, mikanda inayopita kwenye matundu ya bamba hilo, na mfuko wa hewa uliofungwa nyuma.

"Jaketi linanibana kifua, mama Jovina," mpiga mbizi mmoja aitwaye Yonas alieleza siku aliyoleta mabawa yake kwa mara ya kwanza. "Nikilijaza, ni kama nimekumbatiwa na mtu mnene. Kwa mabawa haya, hewa iko mgongoni tu. Mbele niko huru, naingiza kichwa hadi kwenye mianya ya miamba."

"Lakini jaketi linakushika kichwa juu ya maji, mjomba," Jovina alisema.

"Kweli kabisa. Ndiyo maana Mzee Lazaro wa kundi letu hataki hata kuyasikia mabawa. Ila sisi wengine tumeshahama."

Jovina aliinua macho. Ukutani kulikuwa na majaketi matatu ambayo hakuna aliyerudi kuyachukua.

Hayo angeyavumilia. Asichoweza kukivumilia kilishuka kwenye basi wiki ya kwanza ya likizo, kimebeba begi la nailoni. Huyo alikuwa Sharon, mtoto wa mama yake mdogo, kutoka Muze. Muze ni bondeni, kwenye joto, na Sharon alikuja na vigauni vyepesi tu. Siku ileile Rosina alifungua sanduku, akatoa sweta jipya la bluu na kumvalisha. Jovina alikuwa akilisubiri sweta hilo tangu Pasaka. Yeye alibaki na lake kuukuu la rangi ya damu ya mzee, lililofumuka kwenye mkono, na kila akikasirika alizivuta nyuzi zake likazidi kufumuka.

Kisha ikaonekana kwamba Sharon ana mikono myepesi. Alionyeshwa mara moja tu jinsi ya kupitisha mikanda kwenye bamba, akaipitisha yote bila kukosea. Alionyeshwa kubandika kiraka kwenye mfuko wa hewa, akakibandika kikalala bila kunyanyuka pembe hata moja.

"Mama mkubwa, hivi ni sawa?"

"Ni sawa kuliko changu," Rosina alijibu, naye akacheka kwa furaha.

Jovina alivuta uzi mwingine wa sweta lake. Usiku walilala kitanda kimoja, na Jovina aligeukia ukutani. Asubuhi Sharon alimwambia, "Mambo, dada?" naye akajibu, "Poa," huku amenuna kiasi kwamba hata kipofu angejua.

Jumatano asubuhi Yonas aliyaleta mabawa yake. Mfuko ulikuwa umechanika kwenye mwamba, na vali, kile kidude cha kutolea hewa, ilihitaji kufunguliwa na kufungwa upya. Rosina aligawa kazi.

"Sharon, kiraka. Jovina, vali, halafu utapima. Mjomba wenu anawahi basi la saa sita."

Walikaa benchi moja. Yonas alisimama karibu akimtazama Sharon akipaka gundi. "Mama Jovina, huyu umemtoa wapi? Huyu ndiye fundi wangu wa mabawa." Sharon aliinamisha kichwa kwa aibu. Jovina aliikaza vali kwa nguvu, macho yake yako kwenye sweta la bluu, si kwenye mikono yake.

Gundi ilipokauka Jovina aliujaza mfuko hewa, akauzamisha ndani ya pipa na kuubana. Maji yalitulia. Kisha akaona. Pembeni, pale kiraka kilipokaribiana na vali, viputo vidogo vilikuwa vikipanda kimojakimoja.

Moyo wake uliruka, na nasikitika kusema kwamba uliruka kwa furaha. Kiraka cha Sharon kinavuja! Akilini alimwona Yonas akirudi kutoka Wampembe amekunja uso, ameushika mfuko wake, akiuliza ni nani aliyebandika. Alimwona Sharon akilia.

"Vipi?" Rosina aliuliza akiwa kwenye cherehani, bila kuinua kichwa.

"Hamna kitu," Jovina alisema.

Yonas aliyafuta maji, akayafunga mabawa yake na kuyatia kwenye begi. "Jovina akisema hamna kitu, basi mimi naingia majini bila wasiwasi," alisema. "Kesho asubuhi, mita ishirini." Akaaga, akaenda zake stendi.

Walikula mapema siku hiyo, ugali wa ulezi na maharage. Sharon aliuliza, kama mtu anayetaka tu kujua, "Mama mkubwa, mabawa yakivuja mtu akiwa chini, anafanyaje?"

"Anafanyaje? Mgongoni ana chuma na mtungi. Mfuko ukiisha hewa, hakuna kinachombeba. Atapanda kwa nguvu ya miguu yake, kama anayo. Na akifika juu, bado atahangaika kupiga maji ili asirudi chini. Akichoka ndiyo basi." Rosina alichovya tonge. "Kwa hiyo tunapima."

Jovina alilirudisha tonge lake sahanini. Tangu asubuhi alikuwa akimwona akilini Yonas akirudi na hasira. Hakuwahi, hata mara moja, kuwaza kwamba Yonas huenda asirudi. Aliitazama saa ya ukutani: saa sita kasoro dakika kumi na mbili.

"Mama, nilisema uongo," alisema, akainuka. "Mabawa yanavuja. Niliona."

Hakungoja jibu. Alitoka mbio bila viatu, akapita katikati ya mafungu ya mahindi na wauza dagaa, watu wakamfokea, asigeuke. Alipofika stendi basi la Wampembe lilikuwa linanguruma na kondakta anafunga mlango wa mizigo. Alilizunguka akichungulia madirishani hadi akamwona Yonas.

"Mjomba, shuka."

Yonas alicheka. "Kuna nini, fundi? Nimesahau kitu?"

Kila abiria wa upande ule alikuwa anasikiliza. Jovina alitamani ardhi immeze, lakini ardhi ya Sumbawanga ilikaa kimya. "Mabawa yako yanavuja. Niliona viputo, nikasema hamna kitu. Nilidanganya."

Kicheko kilimtoka Yonas usoni. Alishuka, akamwomba kondakta begi lake lililokuwa chini ya magunia, kondakta akalalamika wee, mwishowe akalitoa. Basi likaondoka. Njia nzima ya kurudi Yonas alitangulia bila kugeuka, na Jovina aliyetembea nyuma yake aliona ni heri angechapwa.

Kibandani, kabla mtu hajafungua mdomo, Sharon alisogea mbele. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Ni kiraka changu, mjomba. Naomba unisamehe. Nilidhani kimeshika."

Ndilo jambo Jovina alilokuwa amelitamani tangu asubuhi, na sasa alipolipata hakuona utamu wake.

"Tuangalie kwanza," Rosina alisema. Alipandisha mikono ya gauni lake, akauzamisha mfuko. Viputo vilianza kupanda. Akaweka kidole juu ya kiraka, akakibana. Viputo viliendelea. Akasogeza kidole hadi kwenye vali. Viputo vikakoma.

Alifuta mikono, akaifungua vali na kuigeuza. Juu ya ule mpira mwembamba unaozuia hewa kulikuwa kumelala kipande cha uzi, kirefu kama ukucha. Kilikuwa cha rangi ya damu ya mzee.

Sharon aliutazama mkono wa sweta la Jovina uliofumuka, kisha haraka akatazama pembeni, kama mtu anayejaribu kumfichia mwenzake aibu.

"Ni mimi," Jovina alisema, na sauti yake ikakatika. "Vali niliifunga mimi. Sikupangusa mpira. Nilikuwa namwangalia Sharon. Nilidhani ni kosa lake, nikataka... nikataka aonekane hajui. Nilikuwa na wivu, mama."

Rosina alikaa kwenye benchi.

"Wivu ninaufahamu," alisema. "Mama yake Sharon alikuwa akiimba kwaya kanisani, mimi sauti yangu kama bawaba kavu. Nilimwonea wivu mpaka nikaumwa. Sikukasirikii kwa kuwa na wivu. Ungekuja ukaniambia, mama, roho inaniuma, ningekusikiliza. Lakini uliuingiza kwenye kazi. Na ndani ya kazi yetu kuna mtu, Jovina. Kila tunachoshona hapa kuna mtu atakivaa."

Yonas alichuchumaa mbele ya Jovina. "Nikiwa kule chini sioni nani kasifiwa huku juu na nani hakusifiwa. Naona jambo moja tu, hewa ipo au haipo. Umekuja kuniambia mbele ya basi zima, na hilo halikuwa jepesi. Nitaondoka kesho badala ya leo. Sasa fanya kazi yako."

Jovina alichukua kitambaa safi. Alivua sweta lake kwanza, akaliweka mbali, ingawa upepo ulikuwa unapenya hadi mbavuni. Aliupangusa mpira wa vali, akauangalia kwenye mwanga, akaupangusa tena, akafunga. Kisha akamgeukia Sharon.

"Njoo tupime wote. Nitakuonyesha pa kuangalia."

Waliinama juu ya pipa bega kwa bega, mikono yao minne imeubana mfuko chini ya maji. Jovina alimweleza kwamba viputo vya mwanzo huwa ni hewa iliyonasa kwenye kitambaa, vile vinavyofuata ndivyo vya kuogopa. Walingoja. Maji yalitulia, yakabaki yametulia.

"Vipi?" Rosina aliuliza. Safari hii aliinua kichwa.

Jovina hakukimbilia kujibu. Alihesabu hadi mia moja, macho kwenye maji, meno yakigongana kwa baridi.

"Hamna kitu," alisema. "Lakini njoo uangalie na wewe, mama."

Rosina alikuja, akaangalia, akatikisa kichwa kukubali. Yonas naye akaangalia. Jovina aliporudi kuchukua sweta lake kwenye benchi alimkuta Sharon ameshaliwahi, amekaa nalo mapajani na sindano mkononi, anaushona ule mkono uliofumuka.