Mstari wa Picha ya Kumi na Tano

Siku ya Jumatano Zuwena hakuhitaji kuamshwa. Alfajiri alikuwa amekwishafagia uwanja, ameosha vyombo na kumtolea mama yake cherehani kibarazani, maana mama alikuwa fundi wa nguo na wateja wa mtaa wa Ng'ambo hawajui kungoja. Kisha alivaa sare akashika njia ya shule, akikwepa baiskeli na bajaji. Masomo ya siku hiyo aliyavumilia tu. Alichokingoja ni saa tisa alasiri, wakati wa klabu ya sayansi.

Klabu hiyo ilikuwa na kazi ambayo ukimsimulia mtu sokoni atadhani unamtania. Wanafunzi wa darasa la sita, hapa hapa Tabora, walikuwa wakisaidia kupima anga la Zohali, ile sayari yenye pete. Mwalimu wao, Octavian, alikuwa amesoma pamoja na Dokta Eustadia, mwenyeji wa Tabora ambaye sasa ni mtafiti katika chuo kikuu huko Ulaya. Dokta alikuwa na picha za mawimbi yaliyonaswa na chombo kilichoizunguka Zohali kwa miaka mingi. Kompyuta zilikuwa zikichanganyikiwa kila mstari wa picha ulipofifia, kwa hiyo alihitaji macho ya watu.

"Mrina asali hafungui mzinga kila siku," Mwalimu Octavian aliwaeleza siku ya kwanza. "Anaugonga, anasikiliza, anajua umejaa au mtupu. Na sisi ni hivyo hivyo. Kuizunguka Zohali kumetanda chembe ndogo mno zenye umeme. Hatuzioni, lakini mawimbi yanatupa habari zake. Zikiwa nyingi, wimbi linatetemeka haraka. Zikiwa chache, linatetemeka polepole. Sisi tunasoma mtetemo, Dokta anapata wingi wa chembe. Halafu anatengeneza kielelezo cha hesabu. Ukikiambia umbali kutoka kwenye sayari, kinakujibu chembe ni kiasi gani."

Kila picha ilikuwa na mstari mng'avu uliokatiza kwenye rangi ya buluu. Mwanafunzi aliweka rula, akasoma mstari uko juu kiasi gani kwenye kipimo cha pembeni, akaandika namba, yaani mitetemo mingapi kwa sekunde, kisha akasogea hatua moja. Picha moja ilikuwa na hatua ishirini na nne, na ilisomwa na watu wawili, kila mmoja peke yake, bila kuchunguliana.

Zuwena alisoma pamoja na Minza, msichana wa kijiji cha Kigwa aliyekuwa akiishi kwa shangazi yake mjini. Mwandiko wa Zuwena ulikuwa mzuri na karatasi yake safi. Minza alikuwa mzito. Alipima, akafuta, akapima tena, mpaka karatasi ikachakaa kwa kifutio.

"Wewe utamaliza Zohali ikiwa imezeeka," Zuwena alimtania.

"Acha izeeke," alijibu Minza. "Nikikosea, atakayehangaika ni Dokta."

Jumatano moja ya mwezi wa saba, Zuwena alikuwa amebakiwa na picha moja, ya kumi na tano. Nyumbani kwa mjomba wake kulikuwa na harusi. Mchora hina alikuwa anakuja saa kumi, na binti wa mjomba, Mwanahawa, alikuwa amemwambia asichelewe. Zuwena alisoma hatua kumi. Mstari ulikuwa unateremka taratibu: elfu arobaini na mbili, arobaini na moja, arobaini. Akatazama saa ya ukutani. Mbele kidogo mstari ulififia, na kuutafuta kungemchukua muda. Moyo ukamwambia kitu kinachoteremka kitaendelea kuteremka. Basi aliandika thelathini na tisa, thelathini na nane, thelathini na saba, mpaka mwisho, bila kugusa rula. Dakika mbili hazikupita. Jioni mikono yake ilikuwa na maua ya hina yaliyosifiwa na kila mtu, naye alisahau.

Wiki iliyofuata Mwalimu Octavian alilinganisha karatasi zao. Kwenye picha ya kumi na tano alikunja uso.

"Minza, hapa katikati umeandika elfu ishirini na mbili, kisha kumi na tisa, kisha unarudi juu thelathini na sita. Mwenzako hana bonde lolote. Uliangalia vizuri?"

"Niliangalia, mwalimu. Mstari ulishuka, halafu ukapanda."

Mwalimu aliisogeza picha dirishani. Pale katikati wino ulikuwa hafifu, na yeye alitakiwa kutuma majedwali kabla ya jioni. Akamgeukia Zuwena. "Wewe uliuona mstari ukiendelea moja kwa moja?"

Hapo ndipo palipokuwa na nafasi. Zuwena angeweza kusema kwamba hakuangalia, akakemewa kidogo, mambo yakaisha. Lakini klabu nzima ilikuwa inamtazama, na hakuwahi kukosea mbele yao. Ulimi ukamtangulia.

"Ndiyo, mwalimu."

Mwalimu alichukua kalamu nyekundu akazikata namba za Minza. Na kwa kuwa karatasi zake nyingine nazo zilikuwa na alama nyingi za kufuta, alisema Minza apumzike kusoma, awe anapanga picha kwa tarehe. Minza alikaa akiutazama ule wino mwekundu.

Jumatano iliyofuata alipanga picha. Baada ya hapo hakuonekana klabuni. Zuwena alipomuuliza, alijibu kwamba shangazi anamhitaji nyumbani. Likizo ya mwezi wa tisa ilipofika, Minza alirudi Kigwa, na shule zilipofunguliwa, dawati lake lilibaki tupu. Zuwena alijiambia kwamba watoto huhama kila mwaka. Alijiambia hivyo mara nyingi, na hakuna mara hata moja aliyoyaamini maneno yake.

Mwezi wa kumi barua ya Dokta Eustadia ilifika kwenye simu ya mwalimu, naye akawasomea. Dokta aliwashukuru sana. Kisha aliandika kwamba mahali pamoja palikuwa panamsumbua. Vipimo vingine vya chombo vilidokeza kwamba pale chembe zinapungua ghafla, kama bonde, lakini jedwali la Tabora lilisema hakuna bonde. "Kielelezo changu kimesimama juu ya namba zenu," alimalizia. "Kama picha ya kumi na tano ilisomwa kwa uangalifu, nitaliacha wazo langu la miaka miwili. Naomba mnithibitishie."

"Aliyesoma ni Zuwena," alisema mwalimu. "Nitamjibu kwamba tuna hakika."

Zuwena alirudi nyumbani. Hakula. Mama yake alisimamisha cherehani akamtazama, na mtoto akamwaga yote: hina, namba, kalamu nyekundu, dawati tupu.

"Mshono ukiuruka, mwanangu, hata ukiupiga pasi utaachia," alisema mama. "Tena utaachia nguo ikiwa imevaliwa na mtu. Kesho unakwenda kusema mwenyewe. Mimi sitakusemea."

Asubuhi Zuwena alisimama ofisini kwa mwalimu, akasema yote. Mwalimu Octavian alivua miwani, akaishika mkononi. Zuwena alitegemea kukaripiwa, na pengine angefurahi kukaripiwa.

"Bado sijamjibu Dokta," mwalimu alisema hatimaye. "Hilo tutalirekebisha leo leo. Lakini Minza nilimkata mimi, kwa mkono huu, na picha ilikuwa mbele yangu."

Jumamosi waliondoka kwa basi la asubuhi, mwalimu, Zuwena na mama yake. Kigwa walimkuta Minza akianika mahindi uani kwa bibi yake.

"Shikamoo bibi," Zuwena alisalimu.

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibuni."

Minza aliwaamkia mwalimu na mama yake Zuwena, akaendelea kutandaza mahindi. Zuwena aliyatoa maneno yake yote aliyoyapanga njiani, nayo yalikuwa machache kuliko alivyofikiri. "Sikuutazama mstari. Nilibuni namba. Wewe ulisoma sawasawa, na nilijua sikusoma, nikanyamaza. Nisamehe."

Mkono wa Minza ulisimama. "Ulijua siku ile ile?"

"Nilijua."

"Mimi nilidhani macho yangu ni mabovu," alisema Minza polepole. "Nilijiuliza nimeliona wapi bonde lisilokuwepo. Kwenye shule ya hapa, mwalimu akiuliza swali sinyooshi mkono hata nikijua. Naogopa nitakuwa nimeona vibaya tena."

Zuwena aliinamisha kichwa akalia. Alikuwa amedhani amemwibia rafiki yake bonde la Zohali tu.

Mwalimu Octavian alichuchumaa karibu na mahindi. "Nami nimekuja kuomba radhi, Minza. Nilitazama usafi wa karatasi badala ya picha." Akaitoa picha ya kumi na tano, pamoja na rula. "Dokta anaomba isomwe upya. Naomba uisome wewe."

Minza alisita mpaka bibi akamsukuma begani. Aliketi kwenye kigoda, akapima, akafuta, akapima tena. Ilipita saa nzima na hakuna aliyemharakisha. Mwalimu alilinganisha namba zake na zile zilizokatwa kwa wino mwekundu. Zilikuwa zile zile.

Hapo hapo alimpigia Dokta Eustadia. Dokta aliomba simu apewe Minza. "Mwanangu, bonde ulilolisoma nimelitafuta miaka miwili," alisema. "Kielelezo nitakijenga upya, na jina lako litakuwamo katika orodha ya wasomaji." Minza alijibu, "Ahsante, dokta," kwa sauti ndogo.

Wakati wa kuondoka Zuwena alimuuliza kama atarudi Tabora.

"Hapana. Nimeshahamia hapa," alisema Minza. "Ila mwalimu akileta picha nyingine, nitasoma."

Hakusema kwamba amesamehe. Alimpa tu mama yake Zuwena mahindi kidogo ya kwenda nayo, kama mgeni yeyote.

Wakiwa kwenye basi, Zuwena alisema chini chini, "Mwalimu, jedwali tumelirekebisha. Mbona bado inauma?"

"Kwa sababu jedwali lina kifutio, mtu hana," alijibu Mwalimu Octavian. "Jambo usilolijua, sema hujui; mstari usiouona, acha nafasi wazi. Namba ya uongo haikai peke yake, Zuwena. Lazima imtoe msema kweli kwenye kiti ndipo ipate pa kukaa."