Mlaji wa Tatu

Mfuko wa chakula ulikuja na vijiti jozi tatu, na nyumba ile ilikuwa na walaji wawili tu, hata paka hawakuwa naye.

Mke alivipanga mezani jozi moja moja. Alikuwa fundi cherehani, na kwa wivu sijaona wa kumfikia. Nimekaa na wenye wivu, nimesafiri nao, lakini huyu aliwahi kumnunia mumewe siku mbili nzima kwa sababu alimuota anacheka na mtu. Mume alikuwa fundi wa lifti. Aliitwa kutengeneza lifti ya jengo moja refu, chini yake kuna mkahawa wa Kijapani, wakamwonjesha, akanasa. Tangu hapo kila Alhamisi, siku ambayo mkewe hurudi mgongo umekakamaa kwa kushona, walipiga simu chakula kikaletwa mlangoni: wali uliobanwa ukafungwa kwa mwani, vipande vya samaki mbichi vilivyokatwa kwa adabu, na supu kwenye vikopo vyenye vifuniko.

"Hawa watu wanaweka vijiti kwa hesabu ya walaji," mke alisema. "Si ndivyo?"

"Ndivyo."

"Basi huyu wa tatu nani?"

"Wamekosea tu, mke wangu."

"Wamekosea au wamezoea?"

"Sasa mimi nikipata mwanamke wa pembeni nitamlisha samaki mbichi? Si atanikimbia siku hiyo hiyo!"

Alitaka kumchekesha. Mke hakucheka. Aliinua jozi ile ya tatu akainusa. Vijiti vilikuwa bado ndani ya karatasi yake, havijafunguliwa, ila vilinukia marashi, mazito, matamu, ya mtu aliyejipulizia huku anamsubiri mgeni.

Alhamisi iliyofuata akaagiza mwenyewe, kwa simu yake, akiwa jikoni, mume hajarudi kutoka kazini. "Watu wawili," akasema. "Wawili, umesikia?" Mfuko ukaja. Jozi tatu. Akapiga tena, na yule mpokea oda akashangaa.

"Dada, ni kweli wewe ulisema wawili. Lakini mwenzako hapo pembeni akasahihisha, akasema watatu. Nikajua mna mgeni."

"Mwenzangu gani? Nilikuwa peke yangu!"

"Basi sijui, dada. Ila sauti yake ilikuwa karibu na simu kuliko yako."

Mtu mwingine angetupa simu na kukimbilia kwa jirani bila viatu. Lakini huyu wivu ulishamjaa kichwani, woga ukakosa pa kukaa. Alichoelewa ni kimoja tu: mumewe amemficha mwanamke humu ndani. Mume aliporudi alimkuta amepiga magoti, kichwa kiko chini ya kitanda.

"Unatafuta nini?"

"Mkeo."

Alhamisi ya tatu akaweka mtego. Alipanga sahani tatu, akazipakulia zote, akavuta kiti cha tatu, akaweka vile vijiti mahali pake, kisha akakisemesha kiti kitupu kana kwamba anamsemesha mteja mwenye kiburi: "Karibu, bibi. Njoo ule hapa hapa, mbele yangu, nikuone hiyo sura."

"Acha utani," mume akanong'ona. "Usimkaribishe usiyemjua."

"Unamwonea huruma?"

Wakaanza kula. Jua la jioni lilikuwa bado dirishani, watu barabarani bado wanaitana. Kwanza ikasikika karatasi inachanika, taratibu, na mke akajua si yeye wala si mumewe. Halafu yale marashi yakafunguka chumba kizima kama mtu amempitishia usoni kanga iliyoloweshwa manukato, na kiti kile ambacho alikiacha upande kikajinyoosha kuelekea meza, na mume, macho yake yako kwenye sahani yake mwenyewe, akachukua kibakuli cha sosi akakisogeza upande wa kiti kitupu, kwa upole, jinsi mtu anavyompa aliyemwomba.

"Nani kakuomba sosi?" mke akauliza.

Mume akautazama mkono wake kama si wake. "Sijui. Mkono umejipeleka."

Sahani ya tatu ilikuwa tupu. Samaki hayupo, wali haupo.

Hapo ndipo mke alipomwita shangazi yake, na shangazi akaja Jumamosi mchana na mganga, mzee mfupi mwenye mkoba wa ngozi, watu walimwita Kimya kwa sababu hakuwahi kunyamaza maishani mwake. Kabla ya kukaa alishaeleza majini aliowatoa, wengine kupitia mguu wa kushoto wa mgonjwa. Akaamuru kiagizwe chakula kile kile. "Jini unamkalisha kwa anachokipenda," akasema.

Mpeleka chakula, baba mtu mzima mwenye ndevu za mvi, alikabidhi mfuko akichungulia ndani. "Leo yule dada mwingine hajambo? Kila nikija hunipungia mkono dirishani."

Shangazi akafunga mlango haraka.

Mzee Kimya alifungua vyombo akaona bonge la kijani pembeni. Ni ile pilipili yao iliyosagwa, wanaiita wasabi, mtu huichovya kwa ncha ya kijiti. Yeye alidhani parachichi. Akalitia mdomoni lote.

Macho yalimtoka. Alirusha mkoba, akapiga meza, machozi yakamtiririka mpaka kidevuni.

"Kamwingia!" shangazi akapiga kelele. "Kamwingia mzee wa watu!"

"Maji!" mganga akalia. "Si jini, mama, maji!"

Wakacheka, hata yeye mwenyewe, hata mke ambaye hakuwa amecheka tangu Alhamisi ile ya kwanza. Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kisha mmoja akanyamaza, na mwingine, na wa tatu, na wa nne, na kicheko kikaendelea, cha kike, cha chini, kikitoka kwenye kiti cha tatu, kikicheka bila haraka kama mwenye nyumba anayewasubiri wageni wake wamalize kelele, huku marashi yakipanda mpaka shangazi akajifunika pua na mganga, kwa mara ya kwanza, akawa kimya kweli.

Akainama, akaweka sikio karibu na kile kiti. Akasikiliza muda mrefu. Alipoinuka, alimtazama mke, hakumtazama mume.

"Anasema hakuja mwenyewe. Aliitwa. Miaka sita, binti yangu, kila jioni humu ndani unamuulizia mwanamke ambaye hayupo. Jina lake nani, anakaa wapi, anavaa nini. Ukimwita hivyo asiyekuwepo, kuna kitu kitaitika."

"Mtoe," mke akasema. "Mtoe, babu, nitatoa chochote."

"Nitamtoa. Lakini usimuulizie tena. Si kwa mdomo, wala moyoni."

"Mdomo atauweza," shangazi akanong'ona. "Huo moyo sasa..."

Mganga alifukiza ubani kona zote, akagonga kila kizingiti kwa fimbo, akaita mpaka akapoteza sauti. Jua linazama, mlango ukajifungua na kujibamiza. Marashi yakakatika, kama taa inavyozimwa.

Mke alishika sharti. Mumewe alichelewa, akampokea. Simu ililia, mume akatoka nayo nje, yeye akaendelea kukunja nguo. Shangazi akamsifu, majirani wakauliza amepewa dawa gani. Miezi miwili nyumba ikatulia.

Ndipo jioni moja mume akaingia amechelewa, anakwepa kumtazama. Mke akampokea koti. Kwenye shati, kifungo cha pili kutoka juu kilikuwa kimeshonwa upya. Uzi ni mweupe lakini si weupe ule ule, na fundo limefungwa kwa nje. Yeye hafungi fundo nje. Alivishona vifungo vyote vya shati lile kwa mkono wake.

Swali lilimpanda kutoka tumboni likafika kwenye meno. Akayabana. Akalimeza, likashuka linamkwaruza kama mwiba wa samaki, akachukua taulo, akatabasamu. "Pole na kazi, bwana. Maji ya kuoga yapo tayari."

Na kutoka chumbani, kwa sauti yake yeye mwenyewe, ile ile, na kile kikohozi chake kidogo kabla ya ugomvi, mtu akauliza:

"Kifungo hicho kakushonea nani?"

Mume hakushtuka. Alimpita mkewe kama anavyopita kabati, akaenda mpaka mlango wa chumbani, akainamisha kichwa.

"Nisamehe, mke wangu," akasema. "Leo nitakwambia kila kitu."

Akaingia, akafunga mlango. Fundi cherehani akabaki sebuleni na taulo mkononi, akisikiliza mumewe akiungama ndani, neno kwa neno, kwa machozi, ungamo ambalo yeye alilidai miaka sita asilipate.